Kengele Iliyomwamkia Bibi

Shikamoo Mama yangu,

Nimeanza tena kupanda baiskeli! Usishtuke. Huku Kilwa si kama huko kwetu Mombasa, ambako tangu lile lori linigonge, nikisikia honi tu naingia mtaroni. Huku gari likipita, watu wanatoka nje kulitazama.

Jana nilikuwa naelekea Miteja, upepo unanisukuma mgongoni, naimba kwa sauti. Mbele yangu bibi mmoja kajitwisha mihogo. Nikapiga kengele anipishe. Wapi! Akasimama katikati ya njia, akageuka, akaitikia: "Marahaba!" Nikashika breki, nikaanguka mchangani mbele ya miguu yake.

Akaniangalia pale chini. "Baiskeli imeniamkia. Wewe je?"

Nikamwamkia hivyo hivyo, mdomo umejaa mchanga. Akacheka mpaka mihogo ikatikisika kichwani, akanipa mmoja, nikautafuna njia nzima.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na usiku ulale usingizi, Mama. Ukisikia mwanao ameanguka tena, jua si lori. Ni mama wa mtu, kasimama kuitikia salamu.

Mwanao akupendaye,
Salimu