Siku DJ alipopiga kasiye ya bia

Mujukuu wangu Deborah,

Jambo sana huko Kinshasa. Huku Likasi tuko muzuri. Tante Solange amezaa mutoto mwanaume, munene kama miye!

Sasa na weye uko DJ, unauliza baba yako alifanya nini umeme ukikatika. Miaka ile ya tisini, mutaa wetu wa Kikula yote ilimujua! Siku moja bibi-arusi alikuwa anaingia akicheza pole pole, mashini zikazima. Batante yake, mashangazi, wakapiga kelele: "Asisimame, italeta mukosi!" Baba yako akashika kasiye ya bia, ile sanduku ya chupa, akaipiga kama ngoma, akaimba. Watu wakaitikia, bibi-arusi akacheza mpaka kwenye kiti.

Kesho yake jirani aliyekuwa kwenye arusi akanicheka: "Mama DJ, mutoto wako anaimba vibaya!"

Nikamujibu: "Lakini ulicheza."

Ni miye, mama ya DJ, sasa nkambo ya DJ.