Meno Manne ya Chini

Jumanne, 4 Machi

Chai, mkate wa kulowekwa. Kisha kliniki, Kinondoni. Leo daktari kasaga meno yangu manne ya chini, ndiyo yaliyobaki. Kayafanya vijiti. Nilifumba macho muda wote. Si kwa maumivu, kwa ule mlio.

Anasema atayavisha kofia nyembamba za chuma, zigande moja kwa moja. Ndani ya meno ya bandia kutakuwa na kofia nyingine, zinakaa juu ya zile za kwanza na kubanana. Kuvua nitavua mwenyewe, kusafisha. Lakini hayatacheza. Hayataruka.

Nataka hilo tu. Ya juu yote ni ya bandia na yametulia. Ya chini, yale ya plastiki, yaliruka Januari kwa kaka zake Tabitha, Kiwalani, siku niliyokwenda kujitambulisha. Yalitua kwenye sahani ya pilau. Mie, mchumba wa miaka sitini na mitatu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa afadhali.

Ndoa ni baada ya Pasaka.

Jumatano, 12 Machi

Kofia zimegandishwa. Kwenye kioo zinang'aa kama vichwa vya misumari.

Daktari kaona kidonda ubavuni mwa ulimi. Nikamwambia ni ile plastiki inaning'ata, tangu Krismasi. Alivaa glavu mpya, akakibonyeza tena. Kasema nisivae kabisa yale ya zamani. Kisipopona kwa wiki mbili atakata kipande kikapimwe.

Sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 23 Machi

Meno ninayo tangu Alhamisi. Yanaingia kwa mlio mdogo, tk, yanatulia. Baada ya ibada nimekula mahindi ya kuchoma mbele ya Tabitha, hadharani, barabarani hapa Tegeta. Yeye mjane, mie mgane. Yeye fundi cherehani, anacheka kwa sauti mpaka watu wanageuka. Akasema, "Baba Neema, utamaliza na gunzi!"

Nimefurahi kama mtoto.

Kidonda kinauma. Sikumwambia.

Jumatano, 26 Machi

Hakijapona. Kakata kipande. Sindano ya ganzi kwenye ulimi. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 4 Aprili

Kansa.

Imewahiwa, wanasema. Watakata upande wa ulimi, halafu mionzi. Hospitali kubwa, benchi refu, watu hawatazamani. Daktari wa mionzi kanifungua mdomo, katazama, kasema meno yote manne yang'olewe kwanza. Taya likishapigwa mionzi, jino likiharibika ukaling'oa, mfupa hauponi. Nikamwambia yana kofia mpya. Hazina hata mwezi.

"Pole sana, mzee."

Nilitaka kumpiga.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanangu Neema kaja kutoka Gongo la Mboto. Kalia. Kisha kaniambia nimweleze Tabitha leo hii. Nimekataa. Tabitha alimuuguza mume wake wa kwanza mpaka akamzika. Simrudishi huko.

Jioni nimempigia. Nimesema nimebadili mawazo, sitaki ndoa tena. Akauliza, "Nimekukosea nini?" Nikasema hakuna. Kakata simu.

Uongo mtupu. Najichukia.

Alhamisi, 10 Aprili

Yameng'olewa. Yalikuwa mazima, yalishika, ilibidi daktari akaze mkono. Moja limetoka na kofia yake, limelia kwenye bakuli la chuma. Nesi kaniuliza kama nayataka. Nikatikisa kichwa.

Meno mapya yako nyumbani, ndani ya kikopo chake. Hayana pa kukaa.

Jumapili, 13 Aprili

Neema kamwambia. Tabitha kaingia bila hodi, na gauni la kanisani. Sijawahi kumwona vile.

"Kaka zangu wananiuliza nimefanya nini mpaka mwanaume kanikimbia. Wiki nzima nawatafutia jibu. Mie!"

Nikaanza habari za marehemu mumewe, jinsi alivyoteseka naye. Akanikatiza.

"Usimtaje. Yule nilimuuguza kwa kutaka mwenyewe. Wewe hata kuniuliza hukuniuliza."

Mdomo umevimba. Maneno yanatoka kama ya mlevi. Nikasema nisamehe. Sijui kama alinielewa. Kaondoka, mlango kauacha wazi.

Nilijidanganya kwamba ni huruma. Ni aibu. Sikutaka anione na mdomo huu. Basi.

Jumatano, 16 Aprili

Hakuna simu. Mvua tangu asubuhi. Nimejaribu kusoma Zaburi kwa sauti. Herufi "s" imekufa. "Th" imekufa. Nimeacha.

Naogopa. Si kufa hasa. Naogopa kukatwa ulimi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda kanisani. Neema kaleta wali, kauponda kwa kijiko nikimtazama. Tukaepukana macho.

Jumanne, 22 Aprili

Wodini. Upasuaji kesho asubuhi.

Saa ya kuona wagonjwa Tabitha kaja. Sikumtegemea. Kaleta chupa ya uji wa ulezi, kauchuja usiwe na chembe. Kakaa kwenye stuli kando ya kitanda, katoa kitambaa kwenye mfuko, kaanza kupinda upindo kwa mkono. Hasira bado anayo. Nimeiona anavyovuta uzi.

Ndoa hatukuitaja. Nesi kapita, akamuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Tabitha hakuinua macho.

"Niko naye," akasema.

Kamimina uji kwenye kikombe, kauweka karibu yangu. Ulikuwa wa moto. Tukasubiri upoe.