Keki ya Ukweni

Jumanne, 2 Julai

Nimepeleka chai kwa wakwe kama kila asubuhi. Nyumba yao iko juu kidogo, unapita migombani unafika. Baba mkwe alikunywa. Mama mkwe alisema ameshiba. Asubuhi hiyo hata jogoo hawajamaliza kuwika, ameshiba.

Tangu niolewe hapa Ihembe hajawahi kula kitu nilichopika. Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Shikamoo yangu anaiitikia. Kitenge nikimpa anapokea. Chakula, ameshiba. Mwanzoni nilidhani ana vidonda vya tumbo. Baadaye nikaambiwa alichosema siku ya harusi yetu, kwamba mwanawe kaleta mjukuu wa vibarua. Babu yangu alitoka Rwanda akaja Kimuli kulima kahawa za watu. Ni kweli alikuwa kibarua. Kosa langu lote ni hilo.

Jumamosi, 6 Julai

Mume wangu kaja. Anaendesha bodaboda kule Murongo mpakani, nyumbani tunamwona mwisho wa wiki.

Tumekuwa na kikao cha familia. Wazazi wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Shukrani kanisani Jumamosi ya tarehe tatu mwezi ujao, halafu chakula nyumbani. Wifi yangu Devota ndiye aliyekuwa alete keki kutoka Mwanza. Leo kapiga simu: barabara itaivunjavunja, tutafute huku huku. Mmoja akasema Kayanga, mwingine Bukoba. Nikasikia sauti yangu inasema, nitaoka mimi.

Sijawahi kuoka keki maishani mwangu. Sijui kilichonisukuma. Hasira, nadhani.

Mama mkwe alitazama nje. Mume wangu akacheka. "Huyu? Maandazi yenyewe yanamshinda." Wakacheka wote. Baba mkwe peke yake ndiye hakucheka. Akasema, "Aoke," kikao kikafungwa kwa sala. Sala yenyewe sikuisikia.

Jumatatu, 8 Julai

Nimekwenda kwa jirani, Mama Koku. Anaoka vikeki vidogo na kuviuza barabarani. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamweleza. Hakuacha kumenya. Akauliza kama nina sufuria mbili, moja inayoingia ndani ya nyingine. Ninazo. Mchanga je? Mchanga upo. "Basi una oveni," akasema.

Mchanga unakaa ndani ya sufuria kubwa, ndogo inakaa juu yake na keki yake, unafunika, unabandika motoni, unaweka mkaa wa moto na juu ya mfuniko. Keki ya mwanzo usiijazie mambo. Unga wa ngano, sukari, siagi, mayai, beking pauda. Siagi na sukari vipigwe kwa mwiko mpaka viwe vyeupe. Mayai moja moja. Unga mwishoni, polepole.

Nilimwambia mikono yangu mizito. Akauliza nani kaniambia hivyo. Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Ningejibu ningelia.

Jumatano, 10 Julai

Ya kwanza. Chini makaa, juu uji. Nilijaza moto chini, juu nikaweka vijimkaa viwili vya aibu. Watoto wamekula pembeni palipoiva. Katikati amepewa nguruwe.

Mama mkwe alipita kwenda shambani. Akasimama, akanusa, akaendelea na safari yake. Heri angesema kitu.

Nimelia nikikwangua sufuria. Mtu mzima, analilia unga.

Jumapili, 14 Julai

Ya pili. Iliumuka vizuri. Najua kwa sababu nilifunua nikaona. Nikafunua tena. Ikazama katikati kama kaburi la zamani.

Mume wangu kala kipande kabla ya kuondoka. Kasema kinafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Alikuwa anatania. Siku zote anatania. Utani wake umenichosha kuliko keki.

Mama Koku kasema, "Unafunua kwa kuwa huiamini. Funika, toka, kalime."

Alhamisi, 18 Julai

Nimefunika nikaenda kupalilia maharage. Macho yalikuwa jikoni, nimeng'oa na maharage yenyewe. Nilijizuia kurudi. Mpaka harufu ikanifuata shambani. Hiyo ndiyo dalili, Mama Koku alisema, harufu ikikufuata ulipo.

Nikachoma kijiti katikati. Kimetoka kikavu.

Nilikaa sakafuni jikoni nimekishika. Keki yenyewe imepasuka juu, upande mmoja umeinama. Lakini ni keki. Mtu yeyote angeiita keki.

Nilikata vipande viwili, nikaweka kwenye sahani nzuri, nikafunika kitambaa, nikapanda kwa wakwe. Baba mkwe alimaliza chake akaramba vidole. Mama mkwe alisema ameshiba. Nikashuka na sahani. Katikati ya migomba nikasimama nikala kipande chake mwenyewe. Kilikuwa kitamu. Hapo ndipo nilipoumia hasa. Kingekuwa kibaya ningemwelewa.

Jumatano, 24 Julai

Zinatoka. Juzi moja, leo nyingine. Nimejifunza kwamba unga ukikorogwa sana keki inakuwa ngumu kama ugali uliolala. Nimejifunza kupaka siagi na kunyunyiza unga sufuria nzima, hadi ukingoni. Mama Koku kanipa ganda la vanila kutoka shambani kwa shemeji yake, nimekwangua zile mbegu nyeusi. Nyumba nzima inanukia kama ya watu wengine.

Keki siiogopi tena. Sasa nawaogopa watu.

Alhamisi, 1 Agosti

Devota kafika kutoka Mwanza. Kaleta utepe, sukari laini ya kupambia, maua ya plastiki. Kanikumbatia, kaonja, kasema, "Wifi, hii umeoka wewe kweli?" Alikuwa anasifu. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Ingekuwa rahisi zaidi.

Ijumaa, 2 Agosti

Tatu: kubwa, ya wastani, ndogo. Zote zimeiva. Devota kazipandanisha na kuzipamba nyeupe. Sikuamini. Nimeziangalia mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 4 Agosti

Jana sikuweza kuandika.

Ibada ilikwenda vizuri. Wazee walisimama mbele, mchungaji akawabariki, baba mkwe akatokwa machozi. Hata mimi nilitokwa. Nyumbani turubai lilijaa watu. Shangazi zake mume wangu wote walikuwepo, mstari wa mbele, wamejifunga vitenge vya sare. Mimi sikupewa sare. Waliniambia kitambaa hakikutosha.

Ukafika wakati wa keki. Mshereheshaji akawaita wazee, wakakata, wakalishana. Mama mkwe akafungua kinywa. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, na mwiko mkononi. Nikamwona anatafuna. Anameza. Akachukua na kipande cha pili mwenyewe, bila kulishwa. Niliwaza, imekwisha. Imekwisha leo.

Mshereheshaji akamsogezea kipaza sauti. "Mama, keki tamu namna hii, nani katuokea?"

Mama mkwe akasema, "Mwanangu Devota."

Vigelegele. Devota akaangalia viatu vyake. Kisha akainua mkono akawapungia watu. Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa upande wa pili na rafiki zake wa bodaboda. Aliniona. Tulitazamana kabisa. Akapiga makofi pamoja na wengine.

Shangazi walirudi kuchukua mara mbili. Nikawaletea maji ya kunawa.

Mama Koku peke yake ndiye aliyekuja jikoni. Akashika sahani akaanza kuosha. Devota alikuja baadaye, macho mekundu. "Wifi, sikujua atasema hivyo. Ningesimama pale nikambishia mama siku yake?" Nikamwambia hapana, usingeweza. Nilitaka aniambie angeweza.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimepeleka chai. Baba mkwe alikuwa kwa ng'ombe. Mama mkwe peke yake, anaosha vikombe. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda umebaki kutoka kwenye keki. Nikasema, "Mama, ile keki niliioka mimi."

Akasema, "Najua. Moshi wako nimeuona mwezi mzima."

"Kwa nini basi ulisema Devota?"

Hakugeuka. "Ningesema ni yako, shangazi za mumeo wasingeigusa. Ungebaki nayo mezani watu wakuangalie. Nilikusaidia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Na mbaya zaidi ni kwamba aliamini. Nikabaki nimesimama na birika. Nikauliza, "Lakini wewe ulikula. Ulikuwa unajua, na ulikula."

"Nilikula."

"Ilikuwaje?"

Akafuta kikombe muda mrefu. "Sukari ilizidi kidogo."

Nikaweka birika nikatoka. Sukari haikuzidi.

Jumamosi, 10 Agosti

Mume wangu karudi na mkate na soda. Anapoleta soda huwa anajua ana kosa. Nimemuuliza kwa nini alipiga makofi. Kasema ilikuwa sherehe, watu wote walikuwa wanapiga. Kasema hayo ni mambo ya wanawake, yeye hayaingilii. Kasema jambo la maana keki ilipatikana na watu walifurahi.

Nimemwambia mama yake ananiona kibarua, yeye ananiona kichekesho, na kati ya hao wawili mama yake ana heshima zaidi, maana angalau hacheki. Alifungua mfuko wa mkate akaufunga tena. Mara ya kwanza namwona hana utani.

Soda hakunywa mtu.

Jumatano, 14 Agosti

Devota kapiga simu. Wanakwaya wenzake kule Mwanza wameona picha, wanataka awaokee keki ya ubarikio wa vijana kanisani. Hajui hata pa kuanzia. Anaogopa. Anaomba nimfundishe kwa simu.

Nilianza. Siagi na sukari kwanza, mpaka vyeupe. Mayai moja moja. Unga usiukoroge sana. Nilimsikia anarudia maneno nyuma yangu, sauti ndogo, kama mimi kwa Mama Koku. Nikamwambia keki ya kwanza itaungua, ya pili itazama, asilie. Yeye akacheka. Kisha akasema, "Ahsante, wifi. Wao wanajua ile niliioka mimi, sasa sijui niwaambie nini."

Nikahamishia simu sikio la pili.

Nikamwambia waambie ukweli. Akasema ni vigumu, mama ameshasema mbele ya watu wote. Nikamwambia basi habari ya moto amuulize mama, yeye ndiye anayejua nani aliyeoka. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia mtu simu. Mpaka sasa natafuta majuto, siyaoni.

Jumapili, 18 Agosti

Leo sikupeleka chai. Wala jana. Hakuna aliyeuliza.

Baada ya ibada baba mkwe kashuka mwenyewe kupitia migombani, na fimbo yake, na kikapu. Mayai ya kienyeji, yamejaa, mengine bado yana manyoya. "Mama yako kasema nikuletee," akasema. Nikauliza ya nini. Akasema hakuambiwa.

Nimeyaangalia sana. Inawezekana anaomba radhi. Inawezekana anaagiza keki nyingine, maana mjukuu wa mmoja wa wale shangazi anabarikiwa mwezi wa kumi. Angekuja mwenyewe ningejua. Hakuja. Si mbali.

Nimeyakaanga. Yote, na vitunguu na nyanya. Watoto hawakuamini. Baba mkwe nilimwekea kiti, akala nao, akaomba chumvi. Mume wangu alisimama mlangoni, nikamwambia sahani ziko pale.

Mchana umekuwa wa jua. Nimemwaga mchanga wa ile sufuria ya kuokea chini ya mgomba, nikaosha sufuria, nikazianika.