Nimeyapasha Maziwa ya Bihogo

Baba,

Nakuamkia, ingawa sijui huko mliko salamu zinaitikiwaje. Nina kosa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nimeyapasha maziwa ya ng'ombe wako Bihogo motoni, kwenye sufuria, jikoni kwako, kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeona nikuambie mimi, kabla Ma Yustina jirani yetu hajafika huko siku moja akakusimulia kwa namna yake.

Ni miezi minne sasa tangu tukulaze kibanjani, kwenye migomba yako, karibu na Mama. Kahawa tumechuma, si nyingi. Redio haijawashwa, betri ziliisha wiki ileile na sikuona sababu ya kununua nyingine. Kiti chako cha nje kuku wamekifanya chao, nimechoka kuwafukuza. Nyumba ni kubwa, Baba. Uliponipokea nimerudi kutoka kwenye ndoa hukuniuliza hata swali moja, na siku hizi natamani ungekuwepo uniulize.

Watachoka, yule mbwa mzee, amezaa. Unakumbuka tulivyodhani amekwisha, meno hana, uzazi hana. Alizaa Jumatatu, kabla ya siku zake, watoto watano, kila mmoja anaenea kwenye kiganja na nafasi inabaki. Nilifurahi, sikufichi. Huu ndio uzao wa mwisho wa mbwa wako. Bibi yao ndiye uliyetoka naye Mabira wakati wa vita ya Amin, ukiwa umebeba godoro kichwani na kamba yake umeifunga kiunoni. Na Watachoka ulimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliosema utauza kibanja Mama akishafariki. Ulikuwa unamwita kwa sauti makusudi wakipita. Nikasema, sawa, Baba ameondoka lakini mbwa wake watabaki mlangoni.

Hawakuweza kunyonya. Nilikiweka kitoto kimoja kwenye chuchu, kikafungua mdomo, kikaishika, kikaiachia. Nikakiweka tena, kikaiachia tena. Vyote vitano hivyo hivyo. Na Watachoka mwenyewe chuchu zilikuwa kavu, nilizikamua kwa vidole nikapata tone moja. Alivilamba, akanitazama mimi. Sasa mimi nifanye nini, Baba? Mimi si mbwa.

Nikachukua mrija wako wa kunywea rubisi, pombe yako ya ndizi, ule wa tete uliokuwa umeuchomeka darini. Niliuosha vizuri, msishangae huko. Nachovya kwenye maziwa, naziba juu kwa kidole, nakilaza kitoto kwa tumbo juu ya paja langu, naachia kidole kidogo, linadondoka tone. Asubuhi na jioni, maziwa yakiwa yametoka tu kwenye kiwele na joto lake, walau walilamba. Lakini kitoto cha namna ile kinataka kula kila baada ya muda mfupi, na Bihogo anakamuliwa mara mbili kwa siku. Katikati ya hapo maziwa ya kwenye kibuyu yanakuwa ya baridi, na wewe unaujua ukungu wa hapa.

Na mwiko naujua. Maziwa hayaguswi na moto kwenye nyumba hii. Ukiyachemsha, kiwele cha ng'ombe kinapasuka na maziwa yanakauka. Toka utotoni hatukunywa chai ya maziwa, na aliyeiomba ulimwambia aende akaolewe na mwalimu. Kwa hiyo niliwapa ya baridi. Niliwapa ya baridi kwa sababu ulisema, na kwa sababu umekufa, na mtu akishakufa hakuna wa kubishana naye.

Wa kwanza alikufa Jumanne, tumbo gumu, maziwa yamemtoka puani. Jumatano wakafa wawili. Ma Yustina alikuja kuazima jembe akanikuta nimekaa na mrija mkononi. Akagusa maziwa kwa kidole. Akaniuliza kwa nini siyapashi, nikamwambia mwiko wa Baba. Akafuta kidole kwenye kanga yake, akasema, "Baba yako hasikii baridi tena, Koku. Hawa wanasikia."

Nilimkasirikia. Nilimpa jembe aende zake.

Lakini yale maziwa ya puani yalikuwa yameshanirudisha wodini. Sijawahi kukuambia hili. Siku zile za hospitali ya Nyakahanga, koo lako limeziba, mimi na bakuli la uji. Nilikuwa nakuomba, "Meza, Baba, kidogo tu, meza basi," na wewe umefumba midomo. Mimi nikadhani ni ubishi wako. Nilikuchomekea kijiko. Uji ukatokea puani ukawa unakohoa mpaka machozi, na muuguzi akaninyang'anya kijiko taratibu akasema, "Dada, akishindwa asilazimishwe." Nilikuwa na hasira na wewe. Unakufa, na mimi nina hasira na wewe kwa sababu hunywi uji. Nisamehe.

Halafu jioni ile ukasema kwa ile sauti yako iliyobaki, "Nenda kamkamue Bihogo." Nikakuambia Ma Yustina atamkamua. Ukasema Bihogo atambania maziwa. Nikaenda. Mwendo wa saa mbili kwa miguu, nikamkamua, nikalala, nikarudi asubuhi na chupa ya maziwa mkononi. Nilikuta kitanda kimetandikwa.

Basi Alhamisi mchana niliwasha moto, nikaweka sufuria. Nilipasha mpaka yakawa na joto la kiwele, nikajaribu kwa kiwiko. Wale wawili waliobaki walilamba mpaka matumbo yakawa laini, wakalala bila kulia kwa mara ya kwanza. Usiku nilikuwa naombea kiwele cha Bihogo.

Ijumaa asubuhi nilikwenda zizini nimeshika kibuyu kwa woga. Bihogo akatoa maziwa yaleyale. Kibuyu kilijaa mpaka pale pale kinapojaa kila siku. Ma Yustina angedhani nitafurahi. Nilikaa chini kwenye samadi nikalia, kwa sababu moto ulikuwepo tangu Jumatatu, na kuni zilikuwepo, na sufuria ilikuwepo. Wale watatu nimewaua kwa utii, Baba. Sijui nikulaumu wewe au nijilaumu mimi. Nimejaribu yote mawili na hakuna linalosaidia.

Mmoja wa wale wawili amekufa leo alfajiri. Huyo alipata maziwa ya moto, alipata kila kitu, akafa tu. Amebaki mmoja, jike, mwenye baka jeupe shingoni. Nimemfunga kifuani kwa kanga, yuko hapa ninapoandika, Watachoka amelala miguuni akisikiliza. Sijampa jina. Tangu mchana hamezi. Tone linakaa kwenye ulimi, linarudi pembeni ya mdomo, namfuta. Nampasha, nasugua mgongo, nasubiri, najaribu tena. Nimefika mwisho wa ninayoyajua.

Jua limeanza kuteremka na Bihogo analia zizini, saa yake ya kukamuliwa imefika. Unamjua, akicheleweshewa anaita kama ana deni na mtu. Nimemtuma mtu kwa Ma Yustina aje amkamue. Kama Bihogo atambania, na abane. Kama kiwele kitauma, kitauma.

Pumzika, Baba. Msalimie Mama. Mrija wako nitaurudisha darini nikimaliza. Huyu mdogo sitamlazimisha, nimejifunza. Akimeza atameza. Asipomeza, nakuahidi kitu kimoja tu, ndicho pekee nilichobaki nacho: leo siendi zizini. Nitakaa naye hapa mpaka mwisho, wowote utakaokuwa.

Mwanao,
Koku