Pipa la Baba Watoto

Shoga, lazima nikuambie sasa hivi.

Nimerudi kazini nikasikia mashine ya boti inaunguruma bandani. Ile ile ya marehemu! Halafu ngo, ngo, ngo kwenye pipa, kama yeye alivyokuwa akigonga kujua maji yamebaki kiasi gani.

Na mimi, mimi huyu unayenijua, nikaita: "Baba watoto, umerudi?" Kwa sauti, shoga. Nimeita kweli.

Nafungua mlango, kumbe ni mwanao, binti yangu mkubwa. Kaunganisha pipa la maji ya bomba na ule mpira wa maji, na vile vikombe vya kubana kwenye matundu ya mashine, baba yake alivyovikata kwenye tairi, anaisafisha kwa ndani. Nikachovya kidole kwenye maji yanayotoka, nikaonja. Chumvi.

"Umetoka nayo baharini?"

"Kila nikitoka chuoni. Namtafuta baba."

"Baba yako amekufa."

"Mbona umemwita sasa hivi?"

Mimi! Tangu boti ionekane ikielea bila yeye, mimi ndiye niliyewaambia watu wote wakubali yaishe.

Nikaleta kufuli nifunge banda. Nikasimama nalo mlangoni kama mjinga. Maji ya pipa yalikuwa yameisha, na hata ya mwisho yalitoka na chumvi. Mashine ikiliwa na chumvi, siku moja itamzimikia huko huko baharini.

Basi nimelijaza pipa, shoga. Kesho natoka naye, na kuogelea sijui.