Mama, Mtihani Ungerudiwa

Mama,

Mtihani wa uchumi wa menejimenti nimefaulu. Nimeongoza darasa. Najua ungewapigia simu majirani wote kabla ya kunipongeza mimi, kisha ungeniuliza kama nimekula.

Sikutaka kuongoza. Nilitaka kuja kukuzika.

Kaka amenieleza yote. Kwamba ukiwa kitandani hospitalini uliwaapisha yeye na Baba: "Mwacheni mwana wanje, mwanangu huyu, amalize mitihani." Hata ukifa, wasiniambie. Nao wakakutii, kama sote tulivyokutii siku zote. Jumapili nilipopiga simu, Kaka alisema umelala. Nikasema basi, msalimie. Msalimie! Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako, na wala hayakukufikia.

Unakumbuka ulivyokitania chuo chetu kidogo, eti nimeenda kusomea uchumi wananifundisha falsafa na mashairi? Siku waliyokuzika Kibondo, mimi nilikuwa darasani na kalamu. Swali la kwanza liliuliza meneja aamueje pale anapokosa taarifa muhimu. Nikalifurahia. Nikaandika kwamba meneja huyo halaumiwi, hasara na ibebwe na aliyemficha. Mwalimu akaweka tiki kubwa. Mama, hasara niliibeba mimi.

Nilishuka stendi ya Kasulu na sweta nililokununulia mkononi, nikamkuta Kaka peke yake, ameinamisha kichwa. Tulipofika Kibondo udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka juu, na matanga yameshaanuliwa. Nikakosa hata mtu wa kulia naye. Wenzangu walikuwa wamemaliza kulia.

Baba sasa anapika mwenyewe ugali wa muhogo, una mabonge, na hataki kusaidiwa. Sweta analivaa yeye. Nadhani ananiogopa.

Nimekukasirikia, Mama. Ulinipenda bila kuniuliza. Mtihani ungerudiwa, utaratibu upo, ungeniuliza tu ningekwambia. Ningekuja hata kwa lori la mkaa, nikushike mkono.

Nimekubaliana na Kaka: Baba akiumwa, hata kichwa tu, napigiwa simu, niwe kwenye mtihani nisiwe. Na wewe nakuahidi chuo nitamaliza, maana ndicho ulichokufa ukikilinda.

Pumzika, Mama. Kukusamehe nimeanza. Likizo nakuja Kibondo, nimalizie hapo ulipolala.

Binti yako