Mkanda wa Kipaimara cha Kaka

Jumanne, saa kumi jioni. Elerai.

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa na mimi sijali, hata ungeonekana leo nisingetoka kuuangalia. Nimevaa sweta mbili, na hasira nilizonazo zinatosha kuivisha makande. Sitaki kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika hapa.

Chanzo ni mikanda ya video. Jumapili hii, nyumbani Kikwe, tuna ibada ya kumkumbuka mama, na kaka yangu Elibariki ameamua kwamba baada ya chakula watu waangalie mikanda ya zamani. Baba ana televisheni na deki ya CD, ila deki ya mikanda ilishakufa miaka mingi. Basi kaka akaniletea mfuko wenye mikanda mitatu, akasema niihamishie kwenye CD kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kompyuta. Hakuuliza kama nina nafasi. Kaka haulizi.

Anayedhani kazi hii ni ya kubonyeza kitufe kimoja aje akae kwenye kiti changu. Deki nimeiazima kwa fundi mmoja wa Kikatiti aliyeniapia kwamba ni nzima kabisa. Nzima gani. Mkanda wa kwanza ilianza kuutafuna kabla hata picha haijatulia. Nimesafisha kichwa chake kwa spiriti na pamba mara nne. Mkanda wa pili umeota ukungu mweupe, na nimeuzungusha kwa kidole gumba mpaka kidole kikauma. Halafu hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa moja unaingia kwenye kompyuta kwa saa moja, na huwezi hata kwenda kuinjika chai, maana deki ikianza kutafuna tena ni lazima uwe karibu uuokoe.

Lakini niseme ukweli. Kazi hii sikuikubali kwa ajili ya kaka wala kwa ajili ya wageni wake. Nilitaka kumsikia mama.

Alifariki nikiwa na miaka minane. Mikono yake naikumbuka, kitenge chake cha kijani nakikumbuka, na jinsi alivyokuwa akinisugua magoti na jiwe mpaka nalia. Sauti yake siikumbuki. Nikijaribu kuikumbuka inakuja sauti ya shangazi. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, kwa sababu mtoto gani anasahau sauti ya mama yake?

Mama anaonekana kwenye mkanda mmoja tu, wa kipaimara cha kaka. Kaka alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi saba. Nilijua kutoka kwa baba kwamba siku ile mama alisimama akatoa neno la shukrani. Nikakaa tangu asubuhi nikilisubiri.

Likaja. Mama akasimama na kitenge chake, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akafungua mdomo.

Kinanda.

Yule mpiga video alikuwa ameweka muziki wa kinanda juu ya kila kitu. Juu ya sala, juu ya kwaya, juu ya mama yangu. Siku hizo ndio walikuwa wanaita kupendezesha. Kwa dakika tatu nzima namwona mama anaongea, anacheka kidogo, anamwonyesha kaka kwa mkono, watu wanapiga makofi, na kinachosikika ni kinanda kinacheza nyimbo za Krismasi, na ilikuwa mwezi wa tisa. Simjui huyo mtu, na sitamani kumjua. Kama yuko hai, natumaini na yeye kuna kitu anakitafuta na hakipati.

Niliacha mkanda uendelee kwa sababu tu sikuwa na nguvu ya kunyanyuka. Dakika ya arobaini na moja, kinanda kikakatika. Nadhani yule bwana alifika mwisho wa kaseti yake ya muziki, akawa anageuza upande wa pili. Kwa muda mfupi sauti ya siku ile yenyewe ikatoka. Kuku, sufuria, watu.

Kwenye picha, familia inapangwa nyuma ya keki. Kaka yupo katikati na suti. Mimi nipo pembeni yake na kandambili, moja ya bluu na nyingine ya kijani. Ndipo kaka anasema, "Mama, huyu atoke. Ana kandambili, ananiharibia mkanda." Mpiga video naye anasema, mtoto asogee huku. Nikaona mkono wangu mdogo unaachia koti la kaka.

Halafu mama.

"Haendi popote, huyu ni wangu. Elibariki, kama hutaki kuonekana na mdogo wako, sogea wewe. Na wewe mwenye taa, ukimtoa mtoto wangu hapo, funga mashine yako uende."

Kinanda kikarudi.

Sauti nzito, ya kukwaruza kidogo. Sio ya shangazi hata kidogo. Nimeisikiliza nadhani mara thelathini. Miaka yote kwenye ukoo huu nimeambiwa mimi ni mkali, sijui nimemrithi nani, maana marehemu mama alikuwa mpole kama maji ya mtungi. Shangazi ameniambia hivyo kwenye misiba na kwenye harusi. Nimelia, kisha nikacheka peke yangu.

Kosa langu ni kwamba nilifurahi nikamtumia kaka kipande hicho kwenye simu. Nikadhani na yeye atalia.

Akajibu baada ya saa mbili. Kata hapo. Akasema wachungaji watakuwepo, na wazee wa ukoo, na si vizuri mama akumbukwe akifokea watu. Tena akanifundisha na namna ya kufanya: niweke muziki juu, kama ilivyo sehemu nyingine.

Niweke muziki juu.

Nikampigia. Shikamoo nilimpa, nisije nikaambiwa nimemkosea adabu. Nikamuuliza ni sauti ya nani hasa anayotaka ifunikwe, ya mama au yake. Akasema taratibu, "Nilikuwa mtoto."

Nikamuuliza, "Na mimi nilikuwa nani?"

Akakata simu.

Naandika na hili, ili nisijidanganye: huyu kaka ndiye aliyenilea mama alipoondoka. Ndiye aliyenipeleka sekondari na kubeba tranka langu begani kutoka stendi. Viatu vyangu vya kwanza vya shule vya ngozi alinunua yeye, na leo nimeanza kujiuliza kwa nini kila mwaka alikuwa ananinunulia viatu hata vya zamani havijachakaa. Nayajua yote hayo. Na bado leo simpendi. Angeomba msamaha ningempa. Ameomba nimnyamazishe mama.

Saa tisa nilimpigia baba. Nikamwambia asikilize tu, asiseme kitu, nikaweka simu karibu na spika ya kompyuta. Ilipoisha nikasikia ng'ombe wake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema nirudie tena. Mara ya tatu akasema, "Huyo ndiye mwenyewe. Hawa wanaosema alikuwa mpole hawakuishi naye." Akaniambia nisikate hata neno moja, kisha akakata simu bila kuaga, jambo ambalo baba hafanyi.

CD ya kipaimara imeshatoka. Nimetengeneza mbili, moja ya baba, moja yangu, na juu ya kila moja nimeandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Kaka atakuja kesho kuichukua ya baba ili aikague kwanza. Hapewi. Nitaipeleka mwenyewe Jumapili, nitaiweka kwenye deki kwa mkono wangu, na nitakaa kiti cha mbele, karibu na baba, nimevaa kandambili.

Asiyetaka kuonekana na mimi, asogee yeye.